Nyumba Zilizokosekana Katika Daftari Langu

Siku muliyoniaga pale komine, Riziki, aliyeshika nafasi yangu, alinipa kipaza sauti, nikasema maneno mawili nikarudi kukaa. Mukacheka. Lakini miaka yangu yote ya kazi nimezungumza na watu wakiwa wamesimama mlangoni mwa choo chao, na pale hakuna anayetaka hotuba. Ndiyo maana nimeona afadhali niandike.

Mambo ya grade na mshahara nitayaacha. Grade iko ndani ya dosie, faili langu la kazi, na mshahara munaujua wenyewe. Nataka kuwaambia namna nilivyojifunza kazi, watu walionifundisha, na kosa moja nililolifanya nikiwa na mvi kichwani, wakati siwezi tena kuusingizia ujana.

Kwa atakayesoma haya bila kutujua: mimi nilikuwa ajenti wa ijeni, yaani wa usafi na afya, katika manispaa moja, tunayoiita komine, ya Kalemie kando ya ziwa. Kazi ya ajenti wa ijeni ni kuingia kwenye viwanja vya watu, kuangalia choo, kisima, shimo la takataka na mahali wanapoweka maji ya kunywa, kisha kuandika katika kaye, yaani daftari la ukaguzi, kile alichokiona. Penye ubaya unaacha karatasi ya onyo na siku kumi za kutengeneza. Siku kumi zikipita, unarudi. Watu waliniita Papa Vyoo. Watoto wa shule waliniita hivyo, padri aliniita hivyo, na siku moja barua ya jimbo ilifika biro, ofisini kwetu, ikiwa na jina hilo juu ya bahasha. Mke wangu hakulipenda, ila yeye mwenyewe alilitumia sokoni akitaka kupewa nafasi ya kupita.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli na alitumaini nitaingia bandarini. Bandari haikunitaka. Komine ilinichukua, na asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Mukalay, mkuu wa ijeni. Alikuwa mtu mrefu, shati lake la kaki limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, boti za plastiki miguuni, na begani amebeba kamba yenye mafundo. Kila fundo lilikuwa meta moja. Meta ya kweli, ile ya chuma, ilikatika zamani na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inasubiri jibu. Nilipostaafu ilikuwa bado inasubiri. Mkononi alikuwa na chupa ya maji yake mwenyewe.

Chupa ile niliielewa kwenye nyumba ya kwanza. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, na mama mwenye nyumba akaniletea kikombe cha maji. Nilikuwa nimekwisha kukipokea. Papa Mukalay alikichukua kutoka mkononi mwangu polepole, akamrudishia mama kwa mikono miwili, akamshukuru kama mtu aliyekunywa. Tulipotoka nje akaniambia, "Ukikunywa maji ya muntu, macho yako inakuwa yake."

Alinifundisha mambo mengi ambayo hayamo katika kitabu cha sheria. Anza chooni, usianzie sebuleni, maana sebuleni utapewa kiti, na ukishakaa utaulizwa habari za wazazi, na ukishajibu utaona haya kwenda kuchungulia shimo. Usimkaripie mama kwa sababu ya shimo lililochimbwa na baba. Uliza kwanza nani alichimba. Hesabu mafundo kwa sauti, mwenye nyumba ashike ncha nyingine na ahesabu pamoja nawe, kwa sababu akihesabu mwenyewe hatabishana na wewe, atabishana na kamba. Kutoka kisima hadi choo chochote, mafundo yasipungue kumi na tano. Na uandike ukiwa bado ndani ya kiwanja. "Ukifika inje," alisema, "utaanza kukumbuka sura ya muntu, utasahau shimo."

Mwaka wangu wa tatu tulipata nyumba ngumu. Ilikuwa mahali pa kulia chakula karibu na bandari, mali ya mke wa mkuu mmoja wa wakati ule. Bukari yake, ule ugali, ilikuwa nzuri na samaki wake mzuri zaidi. Lakini maji machafu ya jikoni yalitoka kwa nyuma, yakateremka moja kwa moja mpaka pale akina mama walipokuwa wanachota maji ya ziwa. Papa Mukalay aliacha onyo. Siku kumi zikapita. Akaacha onyo la pili, na siku kumi nyingine zikapita. Kisha tulikwenda na karatasi ya kufunga. Mimi nilishika karatasi, yeye akagonga misumari, na wateja waliokuwa ndani wakamaliza samaki wao kwa haraka.

Haikupita muda, barua ikaja. Papa Mukalay anahitajiwa Kiambi, huko ndani ya Manono, aende mara moja. Hakuna aliyeandika kwa nini, na kila mtu alijua. Aliniachia ofisi na kamba, akafunga kamba nyingine kwa ajili ya safari, akaenda. Alikaa miaka miwili. Alirudi amekonda, na habari alizoleta zilikuwa za visima: jinsi alivyotembea njia za porini kandokando ya mto Luvua akipima vijiji vyote, na jinsi watu wa huko wanavyofunika visima vyao kuliko sisi wa mujini. Kulalamika hakulalamika hata mara moja. Nilimstaajabia, na mpaka leo namstaajabia. Lakini lazima niseme ukweli: yeye alikwenda Kiambi akarudi hana woga, na mimi niliyebaki nyuma, woga ulinikaa.

Katika miaka ile miwili nilikuwa nazunguka peke yangu. Kule juu kilimani kuna avenyu, yaani barabara, wanakokaa wakubwa: wakuu wa biro, watu wa serikali, wafanyabiashara wenye kuta ndefu. Nilikuwa nikifika kwenye kona yake nasimama, naangalia saa ambayo sikuwa nayo, nageuka. Hakuna aliyenikataza. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Kaye ile ilipojaa, nikafungua mpya na kunakili majina ya avenyu kutoka ile ya zamani, na avenyu ya kilimani haikuwemo. Ilipojaa hiyo, nikanakili tena. Mulioanza kazi juzi, sikieni hili: kitu ambacho hakikuandikwa hakuna atakayegundua kwamba kimekosekana, hata wewe mwenyewe.

Papa Mukalay alistaafu, nikashika nafasi yake. Wakuu walikuja wakaenda. Zilikuja pia siku za vita, na watu waliokimbia wakajaa kambini Katanika. Huko nilipima vyoo vya mahema asubuhi mpaka jioni, na nilikuta akina mama ambao hawakubaki na chochote ila sufuria moja, na sufuria hiyo inang'aa. Niliwaheshimu sana. Nikirudi mujini, nilipita tena pembeni ya kona ile ya kilimani.

Kisha likaja baraza la washauri wa komine, na pamoja nalo akaja Mama Leoni kuwa bourgmestre, mkuu wa komine yetu. Zamani aliongoza shule ya msingi, na alikuwa na tabia ya watu wa shule: alisoma kila kitu alichopewa. Wiki yake ya kwanza aliomba kaye yangu. Nilimpelekea nikijisikia vizuri, maana maandishi yangu ni safi. Siku ya pili akaniita.

"Papa, hii kaye iko muzuri," alisema. "Inasomeka. Lakini mimi nakaa avenyu gani?"

Nikamtajia.

"Niliitafuta. Sikuiona."

Nikamwambia kwamba kule juu hakuna shida nyingi.

"Ulijuaje?"

Alifunga kaye, akanirudishia, akasema, "Kesho saa moja asubuhi uanzie kwangu. Usinipigie simu mbele."

Nilikwenda. Alinifungulia geti yeye mwenyewe, kitenge kifuani, mswaki mkononi. Akanikaribisha ndani kwa adabu na mimi nikaomba nianzie chooni. Choo hakikuwa na kifuniko. Kisima kilikuwa mbali vya kutosha, ila kamba ya ndoo ilikuwa imelala kwenye tope. Nyuma ya jiko takataka zilikuwa zimejaa na kumwagika. Kwa kusema kweli, nimeona nyumba za wavuvi zilizo bora kuliko ile. Niliandika, nikampa asome.

Alisoma akasimamisha kidole. "Hapa umeandika kifuniko kimeharibika kidogo. Kiko wapi, nikione?"

"Hakiko, Mama."

"Basi andika hakiko."

Nikafuta, nikaandika hakiko. Akatia sahihi, akabaki na karatasi, mimi nikaondoka kwa miguu. Nilipofika biro nilikuta karatasi ile imenitangulia: ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa komine, jina lake juu, choo chake chini. Watu waliokuja kutafuta vyeti vya kuzaliwa waliisoma, kisha wakatoka nje kuwapigia simu ndugu zao.

Baraza lilipokutana, alileta pendekezo lake. Kila mzunguko wa ukaguzi uanze na nyumba ya bourgmestre, kisha za washauri, kisha za wakuu wa biro, ndipo uteremke kwa raia. Na onyo la mkubwa libandikwe mahali kila mtu anaona. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, na nilidhani watamla mzima.

Kabla hawajalijadili, mshauri mmoja aliyetaka kumfurahisha alisema Mama amekwisha kutengeneza choo chake, kwa hiyo karatasi yake itolewe kwenye ubao hata leo. Mama Leoni akasimama. "Hiyo ni habari ya nyumba yangu," alisema. "Muizungumuze bila mimi." Akatoka nje, akakaa kwenye benchi pamoja na watu wa vyeti, na mama mmoja ambaye hakumjua akamwomba asogee kidogo. Ndani walibaki wakiangaliana. Ni vigumu kumpendelea mtu aliyetoka. Mwishowe waliamua karatasi ibaki mpaka mimi nirudi kukagua, na mtu akatumwa kumwita.

Aliyepinga pendekezo lenyewe alikuwa Papa Kitenge, mshauri mzee mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo kanisani. Simsemi vibaya, hoja yake ilikuwa ya kweli kwake. "Mama," alisema, "mimi nimechaguliwa na watu. Wakiona jina yangu pale kwenye ubao juu ya choo, nani atanieshimu tena?"

"Wataeshimu karatasi, Papa Kitenge. Wewe na mimi tunapita tu."

Wakapiga kura, na pendekezo likapita kwa shida. Watu walikuwa wameanza kukusanya mikoba yao Mama Leoni aliponigeukia pale nyuma. "Papa, mbali na ile avenyu yetu, kuko nyumba ingine unapita bila kuangalia?"

"Hapana, Mama," nilisema. Nilisema haraka.

Ilikuwepo. Ilikuwa nyumba ya Papa Mukalay. Bomba la mtaa wao lilikauka miaka kadhaa nyuma, naye akachimba kisima kiwanjani kwake, na kwa kuwa ni mtu mwema aliacha geti wazi ili majirani wachote. Kila Jumapili baada ya misa nilipita kumsalimia. Nilikaa sebuleni, nikaulizwa habari za wazazi waliokufa zamani, nikaletewa maji ya kisima kile nikanywa. Kamba sikuitoa hata siku moja. Kumpimia Papa Mukalay kisima? Niliona ni sawa na kumfundisha padri ishara ya msalaba. Na pale barazani, sikulihesabu jibu langu kuwa uongo. Nililiita heshima.

Masika yale ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za chini. Munakumbuka, wengi wenu mulibeba magodoro ya wazazi wenu kichwani. Vyoo vilibomoka, watu wakachimba vipya popote walipopata ardhi kavu. Kisha kolera, yaani kipindupindu, ikaanza. Kila asubuhi waganga wa kituo cha afya walinipa karatasi ya mahali wagonjwa wanakotoka, na mimi nilienda nayo kwenye kaye kutafuta kisima cha kutilia shaka. Siku moja karatasi ilikuwa na nyumba tatu za mtaa mmoja. Siku iliyofuata, nyumba mbili zaidi za mtaa uleule. Kati yao alikuwa Mama Zaina, mchuuzi wa ndakala, wale dagaa wa ziwa, aliyebebwa kupelekwa kituoni siku moja na mama yake mzazi. Mama yake hakurudi.

Nilifungua kaye kwenye mtaa ule. Hapakuwa na kisima hata kimoja. Kwa mujibu wa daftari langu, watu wale hawakuwa na mahali pa kuchota maji, waliishi tu. Nikaenda huko, nikamuuliza binti aliyekuwa anatoka na bidon, dumu la maji, kichwani, munachota wapi?

"Kwa Papa Mukalay," akasema. "Pale njo maji ya uhakika. Yeye si ni muntu wa ijeni?"

Papa Mukalay alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, lakini alinijua kwa mwendo. "Leo si siku ya Mungu," alisema. Kisha akasikia boti. "Kumbe umekuja kazi." Alisimama, akanyosha mkono, nikampa ncha ya kamba.

Tulianza na choo chake mwenyewe. Tulihesabu pamoja kwa sauti, mafundo ishirini na mawili, na niliona uso wake unalegea kwa fahari. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu nyuma ya ukuta wa matofali: paa dogo la manjanja, yaani mabati, mapya, yanayong'aa. Nilimwita jirani, nikamrushia ncha ya kamba juu ya ukuta, nikamwomba aishike mlangoni pa choo chake kipya. Papa akashika upande wa kisima. Tukahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Fundo la sita lilikuwa mkononi mwa Papa.

"Rudia," alisema Papa.

Tukarudia. Sita.

"Kilichimbwa lini hicho?" aliuliza akiuelekea ukuta.

"Wakati maji ilipanda, Papa," jirani akajibu. "Kile cha zamani kilianguka. Sasa ni miezi miwili na kitu."

Papa Mukalay alikaa na ncha ya kamba mkononi. "Wewe umefika hapa mara ngapi tangu hapo?"

"Kila Jumapili."

"Ukakaa wapi?"

"Sebuleni, Papa."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi macho yangu imezeeka. Nilikuwa nategemea yako." Kisha akasema, "Funga."

Niliandika karatasi palepale ndani ya kiwanja. Aliniomba nimsomee yote, mpaka nambari ya chini, akatia sahihi mahali nilipomwekea kidole chake. Tulifunika kisima kwa manjanja na mawe, mimi na jirani. Nilipotaka kusema kitu, alinizuia. "Nenda kwa mukubwa wako sasa. Usingoje aletewe na mwingine."

Mama Leoni alinisikiliza akiwa amesimama, mfuko wake begani, alikuwa anatoka. Nilimweleza kisima, mafundo sita, Jumapili zangu. Nilipomaliza aliweka mfuko chini.

"Nilikuuliza mbele ya baraza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi utajibu mbele ya baraza."

Sijui kama nimewahi kutembea njia ndefu kama ile ya kutoka benchi la nyuma mpaka mbele, ingawa ni hatua chache. Nilieleza nilivyojibu siku ile, na kwamba haikuwa kweli. Nilitaja nyumba, nikataja mtaa, nikasema watu wameugua na mama mmoja amekufa. Nilipoinua macho, aliyekuwa amesimama alikuwa Papa Kitenge. Tangu sheria ile ipite alikuwa amenikwepa. Kila nikienda naambiwa amesafiri. Nilingoja anicheke, na haki alikuwa nayo. Akasema, "Kwangu utakuja lini?"

"Kesho, Papa."

"Kesho niko," alisema, akakaa.

Mama Leoni aliniandikia barua ya karipio, ukurasa mmoja, hakuna neno la kuumiza na hakuna la kupoza. Ilibandikwa kwenye ubao, mahali palepale ambapo karatasi ya choo chake ilikuwa. Ilikaa mwezi mzima. Wajukuu wangu wanaojua kusoma waliwasomea wale wasiojua. Nilimuuliza kama nijiuzulu. Alisema, "Ukitoka leo, visima vilivyobaki nani atapima? Kaa ufanye kazi." Basi nikakaa nikafanya kazi. Katika siku zile tulikagua kila kiwanja cha mtaa ule na mitaa minne ya jirani. Tuliweka watu wa kutia klore, dawa ya kusafisha maji, kwenye bidon za wanaochota, na jirani wa Papa alihamisha choo chake bila kuandikiwa mara mbili. Papa Kitenge alikutwa na mambo matatu, akasoma karatasi yake kwenye ubao kwa ile sauti yake ya kanisani, watu wakamsikiliza, na katika uchaguzi wa viongozi wa parokia walimchagua tena.

Na kila asubuhi Papa Mukalay alihamishia kigoda chake kando ya kisima kilichofungwa. Mtu akija na ndoo kwa mazoea, yeye alinyosha fimbo kuelekea barabarani. "Hapa hapana maji. Pale kwenye klore." Alikaa hapo mpaka kolera ilipoacha mtaa ule. Alikuwa amestaafu karibu miaka ishirini na hakuna aliyemtuma.

Musinielewe vibaya. Nimefanya kazi na watu waliojificha, na mmoja wao nilikuwa mimi. Lakini nimewaona pia hawa wawili, Mama aliyetoka nje ili wengine wamzungumze kwa haki, na mzee aliyesema funga kuhusu kisima alichokichimba kwa mikono yake. Hakuna semina iliyonifundisha zaidi ya hapo, na nimeketi katika semina nyingi, zile zenye soda na zile zisizokuwa nayo. Riziki, jambo la kazi ni dogo: unapofungua kaye mpya, usinakili ile ya zamani. Toka na miguu yako, uandike mtaa kama unavyouona leo. Anza na mtu unayemwogopa. Kisha nenda kwa mtu unayempenda, kwa sababu kwake ndipo utakapolegea zaidi.

Limebaki jambo moja, na nilitaka kuliacha, mke wangu akanikataza.

Mama Zaina alipotoka kituoni, Papa Mukalay alinitumia ujumbe niende kwake asubuhi. Nilimkuta amevaa koti la suti. "Tunaenda kwake," alisema, "sisi wawili." Alishika bega langu, tukatembea nyumba nne.

Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, amekuwa mwembamba mpaka pete imefungwa uzi isidondoke. Alitukaribisha. Papa hakukaa.

"Mama," alisema, "maji yenye ilimwua mama yako ilitoka kwangu. Nilipima upande wangu, sikupima ule mwingine. Nimekuja kuomba musamaha."

"Papa Mukalay, wewe haukuona," alisema Mama Zaina. "Macho yako naijua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe? Haukuona?"

Ningeweza kusema ukuta ulikuwa mrefu. Ulikuwa mrefu kweli.

"Sikuangalia, Mama," nilisema.

Mama Zaina alishika ukuta, akasimama taratibu, akapita nyuma ya pazia, na nikafikiri ametuacha tutoke wenyewe. Papa aliendelea kusimama, kwa hiyo na mimi niliendelea kusimama. Alirudi anaburuta bidon ya njano ya maji yake ya kunywa kwa mikono miwili. Aliiweka mbele ya miguu yangu, akafungua kifuniko.

"Basi angalia," alisema.

Nikapiga magoti kwenye sakafu yake, nikaangalia.